Tezi Haiulizi Nani Alizaa

Odette, mudogo wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umelala kule kwenye kilima cha makaburi, nyasi zimeota, na msalaba wako wa mbao nimeupaka rangi upya kabla mvua hazijaanza. Hali yangu ndiyo usiyoijua. Nimekaa mlangoni pa jiko, mtoto wako ananyonya titi la kushoto, mkono wa kulia unaandika. Mwandiko ukipinda usishangae. Na usitegemee barua ya machozi matupu. Machozi nimeyalia yakakatika yenyewe. Leo nina hasira, nataka uisikie.

Ndiyo, umesikia vizuri. Ananyonya. Kwangu mimi Fébronie, yaya wako, dada yako mkubwa, ambaye kitinda mimba wangu anasoma darasa la tatu na anajifulia nguo mwenyewe.

Acha nikueleze tangu ulipofumba macho, maana uliondoka mapema mno.

Asubuhi ile tulikwenda maternité, hospitali ya uzazi, kwa miguu, unakumbuka. Mimi nilibeba beseni, makala, wembe mpya na glavu, kwa sababu mwanamke anayekwenda kuzaa siku hizi anabeba hospitali nzima kichwani. Ulikuwa unacheka. Ulisema kampuni ya madini imezima moshi wa viwanda vyake ili mtoto wako azaliwe kwenye hewa safi. Ukazaa kabla ya saa sita. Msichana. Ukamshika, ukamgeuza huku na huku, ukaniambia, "Yaya, angalia, iko na masikio ya mama."

Halafu damu ikaanza.

Mama Cécile, mkunga, alikukanda tumbo kwa ngumi mpaka jasho likamdondoka. Akaita sindano. Msaidizi akafungua kabati, akatoa boksi, akaligeuza juu chini. Halikuwa na kitu. Mumeo Marcel akatoka mbio kutafuta mjini, duka la dawa baada ya duka la dawa, na alipoipata mahali, ilikuwa imekaa juani mezani sokoni kama pipi, nayo hutakiwa kukaa kwenye baridi. Hata hivyo aliileta. Hata hivyo walikuchoma. Ulikuwa umeshakuwa mweupe midomoni. Nilipotaka kukufunika kikwembe ulikisukuma kwa vidole. "Funika mutoto, hapana minye," ulisema. Hukusema kingine.

Unajua nilifundisha nini miaka yote hii shuleni, Odette. Biolojia. Ubaoni nilichora mwili wa mtu na tezi zake zote, tangu ile ndogo iliyo chini ya ubongo, tunayoiita ipofizi, mpaka zile mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Niliwaambia wanafunzi kwamba tezi hizi hazina waya wala bomba, zinamwaga ujumbe ndani ya damu, na damu inaupeleka mpaka kiungo kinachohusika. Ujumbe huo ndio homoni. Niliwaambia kwamba mwanamke akishazaa, kutoka kwenye ipofizi inakuja homoni inayoitwa ositosini, na tumbo la uzazi linajikunja kama ngumi, linaibana mishipa, damu inakoma. Wanafunzi walinakili, nikawapa alama. Tumbo lako halikujikunja. Na ositosini ya chupani, ile ya kusaidia mwili ukishindwa, haikuwepo kabatini.

Kwenye kilio nilikaa mkekani na wanawake wengine. Mtoto alikuwa akizungushwa mapajani kwa watu, analia kwa sauti nyembamba. Ndipo akaja Mama Albertine, mama yake Marcel, kutoka Kambove, pamoja na wanawake wenzake wa kikundi cha maombi, vitambaa vyeupe kichwani. Alimtazama mjukuu wake bila kumgusa.

"Ule mutoto alikula mama yake," alisema.

Hakunong'ona. Alisema ili kilio kizima kisikie. Akaendelea kwamba watampeleka Kambove, watamuombea, na atafunga. Mtoto mchanga afunge! Asipewe kitu mpaka roho mbaya itoke. Nilimtazama Marcel. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Nikasimama, nikamtoa mtoto mikononi mwa yule aliyekuwa naye, nikamfunga mgongoni.

"Huyu hafungi," nilisema. "Asiyekula ni yule tuliyemzika."

Nikaondoka kwenye kilio cha mdogo wangu kabla hakijaisha. Walisema sana. Acha waseme.

Nikampa jina Ngoie, jina la mama yetu, kwa sababu ya yale masikio.

Sasa sikiliza. Kupata mtoto si kumlisha. Maziwa ya kopo yalikuwa yameshatoweka madukani, na yale ya unga yanayopimwa sokoni kwa kijiko, wauzaji walikuwa wanayachanganya na unga wa muhogo. Ngoie aliharisha. Utosi ukabonyea, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Jirani akanipa maziwa ya mbuzi wake, nikayachemsha, nikayapunguza makali kwa maji, yakakaa kidogo tumboni. Lakini mtoto alikuwa anazidi kuwa mwepesi. Kila nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Nikampeleka kwa Mama Cécile. Alimpima kwa macho, akanitazama mimi.

"Madame, weye ulishakuzala?"

"Nilizaa. Zamani."

"Basi mupe titi."

Nilicheka vibaya, Odette. Nilimwambia hakuna kitu humu, hili ni ngozi tu. Hakucheka. Aliniambia alipokuwa msichana aliwahi kumuona nyanya mmoja mwenye mvi akimnyonyesha mjukuu yatima, na maziwa yalitoka. "Ile njia yake minye siijue," alisema. "Lakini niliona na macho."

Njia yake niliijua mimi. Nilikuwa nimeifundisha bila kuiamini. Mtoto akivuta chuchu, mishipa ya fahamu inapeleka habari ubongoni. Ipofizi, hiyo tezi isiyozidi haragwe moja kwa ukubwa, ikipokea habari hiyo mara kwa mara, inamwaga homoni nyingine, prolaktini, nayo inaliambia titi: tengeneza maziwa. Tezi haiulizi nani alizaa. Haijui kilio wala ndoa wala Kambove. Inajua tu kwamba kuna mdomo unaovuta na kwamba mdomo huo hauchoki. Mama Cécile alikuwa na macho yake, mimi nilikuwa na sababu, tukakaa pale kwenye benchi tukatazamana kama watu waliookota kitu njiani.

Alinipa kipande cha mpira mwembamba wa serumu, ule wa dripu. Nilikuwa nauchemsha, ncha moja naitia kwenye kikombe cha maziwa ya mbuzi, ncha nyingine naibandika kando ya chuchu. Ngoie akivuta anapata maziwa ya mbuzi, na wakati huohuo anagonga mlango wangu.

Alikuwa anagonga kwa nguvu. Chuchu zikapasuka, zikatoa damu, na maziwa hakuna. Nilikuwa nakunywa uji wa karanga na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mpaka tumbo linalia kama mtungi. Majirani wakapita kwenye ua wakijifanya wanaazima chumvi. Prosper, mume wangu, ambaye huwa hana maneno mengi, alirudi siku moja kutoka kiwandani, ambako wanaume wanakwenda kuweka sahihi tu na kutazama mashine zilizosimama, akaniambia, "Fébronie, batu banatucheka."

"Wanacheka na meno," nilimjibu. "Mimi nina kazi."

Akageukia ukuta. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa naona aibu, ila aibu ilikuwa imechoka kabla yangu.

Yalikuja kwenye foleni ya maji. Bomba la mtaa wetu linatoa maji linapotaka, kwa hiyo tulikuwa tumejipanga na ndoo, jua limetuwakia. Matiti yalikuwa yameanza kuwa mazito tangu jana yake, yananichomachoma, nikadhani ni vidonda. Ngoie alikuwa mgongoni kwa binti yangu, nyuma yangu kidogo. Akalia. Basi. Alilia tu, na kikwembe changu kikalowa kifuani. Nilitazama chini nikafikiri ni maji ya ndoo. Nikagusa. Nikapiga yowe, Odette, yowe la kilio kabisa, mpaka wanawake wakaacha ndoo zao wakanikimbilia. Niliwaonyesha tu. Mmoja akaanza kupiga vigelegele, wengine wakamfuata, na yule aliyekuwa akipenda kuazima chumvi ndiye aliyepiga zaidi.

Prosper alipoambiwa alikuja, akasimama mbele yangu, akatazama maziwa yanadondoka kwenye shavu la mtoto. Akatoka. Alirudi na karanga amezifunga kwenye shati lake, akaziweka mapajani mwangu. "Kula," alisema. Tangu siku hiyo ndiye anayezimenya.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku ile ile, Ngoie aliponyonya maziwa yangu mwenyewe mara ya kwanza bila mpira, nilisikia tumbo linajikunja. Chini kabisa, tumbo la uzazi, likajibana kama ngumi, likalegea, likajibana tena. Nilijua ni nini. Ile ositosini inayosukuma maziwa yatoke ndiyo ileile inayobana tumbo la mzazi. Ile uliyoikosa. Ilikuja kwangu bila kuitwa, bila duka la dawa, bure, kwenye tumbo lisilokuwa na damu ya kuzuia. Niliikasirikia. Nilisema kwa sauti, "Ulikuwa wapi? Siku ile ulikuwa wapi?" Ngoie akaacha kunyonya, akanitazama. Nikamrudishia titi. Nililia juu ya kichwa chake huku tumbo likiendelea kujikunja, na sikujua namuomboleza nani na namshukuru nani.

Habari zikafika Kambove. Mama Albertine akaja na wenzake wale wa vitambaa vyeupe. Hawakuingia. Walisimama kwenye geti wakaanza kuimba na kupiga makofi, wanakemea, wanasema mwanamke ambaye hakumzaa mtoto anamnyonyesha maziwa ya kuzimu. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Ngoie alikuwa na njaa, nikamweka titini ndani ya nyumba, akavuta, akavuta, akalia. Hakuna tone.

Hapo niliingiwa na hofu. Nikasema, wamenifunga.

Halafu nikakumbuka nani anafundisha somo hili. Mtu akiogopa, zile tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakimbia, mikono inapoa, mishipa midogo inabana, na maziwa yaliyomo tayari yanakosa pa kupitia. Hawakuwa wamefunga kitu. Ilikuwa hofu yangu mwenyewe imeshika mlango. Kwa hiyo nilikataa kuogopa, Odette, kama mtu anavyomeza dawa chungu. Nikatia miguu kwenye beseni la maji. Nikavuta pumzi polepole. Nikamwimbia Ngoie ule upuuzi wa mama kuhusu kuku aliyeolewa, nikiimba chini ya sauti zao, sikushindana nazo. Mabega yakashuka. Kukachomachoma. Maziwa yakaja, wao bado wanakemea.

Nikachukua kigoda, nikatoka naye akiwa titini, nikakaa katikati ya ua mbele ya geti. Sikujifunika. Wimbo ukapungua. Kwanza wale wa nyuma walinyamaza, halafu wa pembeni, mpaka akabaki Mama Albertine peke yake anapiga makofi.

"Ile maziba ni ya mufu," alisema.

"Mufu hana damu, mama. Maziba inatoka mu damu. Kuya uguse mukono yangu kama ni ya baridi."

Hakusogea. Lakini mwanamke mmoja kati ya wale wake, mnene, ana mtoto wake mwenyewe mgongoni, alifungua geti akaja. Akanigusa mkono. Tone lilikuwa limebaki kwenye kidevu cha Ngoie, akalifuta kwa kidole, akakitazama kidole, akakilamba.

"Ni tamu," alisema, kama mtu anayeonja mchuzi. Akageuka kwa wenzake. "Ni maziba tu."

Wengine walicheka bila kutaka. Wakaondoka mmoja mmoja. Mama Albertine aliondoka wa mwisho.

Shuleni nako ilibidi nipigane. Prefe, mkuu wa shule, aliniambia mtoto hawezi kuingia darasani, haijawahi kutokea. Nikamwambia mishahara nayo haijawahi kukosekana hivi, na bado tunafundisha. Nikaingia naye. Siku ya somo la tezi nilichora ubaoni kama kawaida, Ngoie akalia, nikakaa nikamnyonyesha mbele ya darasa, nikawaeleza kila kinachotokea wakati kinatokea: sasa mishipa inapeleka habari, sasa ipofizi imesikia, sasa titi linajibu. Wavulana walitazama madaftari yao. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Madame, na kama mama ni mugonjwa wa huzuni?" Nikamwambia huzuni haiui maziwa, inayachelewesha. Aliandika. Yeye naye ana mdogo nyumbani, nilijua baadaye.

Mwezi uliopita tulitoa kilio chako, tukaondoa matanga. Mwaka ulikuwa umetimia. Tulipika bukari, ugali wetu, na samaki, watu walikuja hata kutoka Panda. Ngoie sasa anasimama akishika viti, mnene, mikunjo kwenye mikono kama amefungwa uzi. Na walikuja watu wa Kambove, Marcel na mama yake wakiwemo. Safari hii walikuja na adabu zote, wazee wao wakakaa upande wa wanaume, na baba mdogo wa Marcel akasafisha koo akasema mtoto ni wa ukoo wa baba yake, wanashukuru kwa kulea, wamekuja kumchukua.

Nilikuwa na sufuria mkononi. Nikaiweka chini taratibu, nisije nikaitumia.

"Alipokuwa mwepesi kama kitambaa hakuwa wa ukoo," nilisema. "Amenenepa amekuwa wa ukoo. Sawa, muchukue. Lakini muchukue na hii." Nikajipiga kifuani. "Mujue kwanza mutaikata namna gani."

Hakuna aliyecheka. Wote wakamtazama Marcel. Siku hizi anachimba shaba huko Kambove, viganja vyake vimeingia rangi ya kijani ambayo sabuni haiitoi. Kila Jumapili mwaka mzima alikuja kumwona mtoto, anakaa pembeni, anaondoka. Nilijiandaa kwa kimya chake.

Akasimama. "Mama," alimwambia mama yake, si mimi, "ulisema mutoto alikula mama yake, na minye nilinyamaza. Ile kunyamaza inanisumbua kuliko kifo. Ngoie anabakia kwa Yaya. Minye baba yake njo nasema."

Baba mdogo akaanza maneno ya desturi. Marcel akabaki amesimama mpaka yule mzee akachoka.

Mama Albertine alikuwa analia. Si kilio cha kuonyesha watu, alikuwa anajifuta kwa kitambaa chake cheupe kwa siri. Alipotulia aliniuliza kama anaweza kumpakata. Unataka kujua nilifanya nini? Sikumsamehe. Kusamehe sina bado. Lakini nilimpa mtoto. Ngoie akakaa pajani kwa nyanya yake, akamvuta kitambaa kikatoka, mvi zikaonekana, na mwanamke yule akamwacha amvute.

Limebaki moja, halafu nikuache.

Mimi na Mama Cécile tunakwenda pamoja maternité siku ya wanawake wenye mimba. Ninawaambia kitu ambacho hakihitaji duka la dawa: mtoto akitoka tu, kabla hata ya kuoshwa, mwekeni titini, maana kunyonya kwake kunaita ositosini na tumbo linabana. Na ninawaambia hakitoshi peke yake, sindano iwepo. Masista wa misheni wamekubali kuhifadhi chupa chache kwenye friji yao ya mafuta ya taa. Tulikwenda kuwasumbua mpaka wakatuchoka. Wiki iliyopita mwanamke wa mtaa wetu alizaa, damu ikaanza vilevile, niliona uso wa Mama Cécile ukabadilika vilevile. Akafungua chombo cha baridi. Ilikuwepo. Alimchoma, akaweka mkono juu ya tumbo, akasubiri, kisha akaushika mkono wangu akauweka pale. Lilikuwa gumu kama ngumi. Yule mwanamke alikuwa ananung'unika kwamba ana kiu.

Nilitoka nje nikaupiga ukuta mpaka vidole vikavimba. Kwa nini yeye na si wewe, mtu asiniletee jibu.

Nakuahidi hivi. Ngoie atajua ni nani aliyemzaa na alisema nini mara ya mwisho. Ataniita Mama, na hapo kilimani atakuita wewe Mama, na atakayemwambia kwamba haiwezekani nitamwelimisha mimi. Na maadamu nina sauti, hakuna mwanamke wa mtaa huu atakayelala kwenye kile kitanda kabla sijauliza, kwa sauti ya kusikika barabarani, sindano iko wapi. Wakinifukuza nitaulizia dirishani.

Ameshiba. Ameachia titi, anapumua kwa mdomo.

Pumzika, mudogo wangu. Mimi sipumziki.

Yaya wako,
Fébronie